Namna ya Kumfikishia Mtu Mafao Ambayo Siasa Yake Inamkataza Kuyapokea

Kila aliyewahi kukabidhiwa orodha ya kaya zinazostahili mafao ya serikali anawafahamu watu hawa. Vigezo wametimiza, habari wamezipata, dhiki wanayo, na bado hawajiandikishi. Mgonjwa wa muda mrefu anaendelea kukopa ili anunue dawa ilhali bima yenye ruzuku ipo. Mjane mwenye watoto anaambiwa kuwa jina lake limepita, anashukuru kwa adabu, kisha haonekani tena. Jaladani huandikwa neno moja, "hakufika", na ofisi hufunga hesabu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya ofisa ustawi wa jamii, mhudumu wa kujitolea, kiongozi wa dini, au mtoto anayehangaika na mzazi wake, hasa pale ambapo kizuizi ni ile imani kwamba kupokea ni kujisalimisha kwa upande wa pili wa siasa.

Nieleze mapema ninachokiamini, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinatoka hapo. Mtu anayekataa kwa sababu hiyo anatunza uaminifu wake kwa watu wake. Ukimchukulia kuwa mjinga utaanza kumhubiria. Ukimchukulia kuwa na kiburi utaishia kumsimanga. Ukimchukulia kuwa mtu mwenye msimamo utamtafutia njia ya kupata kinachomstahili bila kumtaka auvunje msimamo huo. Njia hii ya tatu ndiyo inayoleta matokeo, nayo inadai subira kubwa kuliko zile mbili.

Jua kwanza anachokikataa

Kwa nje, kukataa kote kunafanana, lakini ndani yake kuna mambo matatu. La kwanza ni usumbufu: fomu ndefu, nauli ya kwenda na kurudi, foleni, vyeti vilivyopotea. La pili ni aibu ya kuonekana mhitaji, ambayo mwanauchumi Robert Moffitt aliiingiza katika hesabu za uchumi mwaka 1983, akaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuziacha fedha anazostahili kwa kuwa aibu ya kuzipokea inamuumiza kuliko zinavyomfaa. La tatu ni utambulisho wa kisiasa, na hapa mtu haogopi macho ya jirani. Anaogopa kwamba kwa kusaini karatasi atakuwa amekiri kuwa wapinzani wake walikuwa sahihi, na kwamba yeye si mtu aliyekuwa akijiona kuwa.

Masikio yako ndiyo kipimo cha kwanza. Mwenye kusumbuliwa na usumbufu huuliza, "Nirudi mara ngapi?" Mwenye aibu huuliza, "Nani atajua?" Mwenye kizuizi cha kisiasa haulizi kitu, hutamka: "Sitaki kitu chao." Neno hilo dogo, *chao*, pamoja na nduguze *wale* na *hawa*, lina uzito kuliko hotuba nzima, kwa maana linakuonyesha kuwa katika fikra zake mafao hayo yana mwenyewe, na mwenyewe huyo ni hasimu. Utasikia pia ile methali ya mtegemea cha nduguye hufa maskini, nayo inaposemwa kwa sauti kavu mbele ya ofisa, mara nyingi maana yake ni kwamba msemaji yuko upande wa siasa unaojisifia kujitegemea.

Usipokuwa na hakika, uliza swali moja: je, kama fedha hizi zingetoka katika mfuko wa kusaidiana anaouchangia yeye na wenzake kazini, angezipokea? Akisema ndiyo bila kusita, tatizo ni mtoaji. Akisema kwamba hata hapo asingependa wenzake wajue, tatizo ni aibu, na dawa yake ni faragha zaidi kuliko maneno. Akisema ndiyo, mradi asizungushwe, basi acha saikolojia, kaa naye umjazie fomu. Mara nyingi utakuta mambo mawili yamechanganyika, na katika hali hiyo anza na usumbufu, kwa sababu ni mwepesi kuondoa na kuuondoa kunaonyesha heshima.

Kwa nini jambo hili lichukuliwe kwa uzito

Wapo wanaodhani kuwa dhiki ikizidi, siasa hunyamaza. Ushahidi unawakatalia. Sheria ya bima ya afya iliyopitishwa Marekani mwaka 2010, wakati wa Rais Barack Obama, ilibandikwa na wapinzani wake jina la "Obamacare", na jina hilo likashika mpaka Obama mwenyewe akalikubali. Amy Lerman, Meredith Sadin na Samuel Trachtman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walikuta kuwa wafuasi wa chama cha Republican, kilichoipinga sheria hiyo, walijiandikisha kupitia masoko yake ya bima, yaani mahali rasmi pa kuchagulia na kununulia bima, kwa kiwango cha chini kuliko wafuasi wa chama cha Democratic, chama cha Obama, hata pale walipolinganishwa watu wenye hali zinazofanana. Kisha wakafanya jaribio kubwa ambamo mkono wa serikali ulififishwa kidogo na upande wa soko huria ukatiliwa mkazo, baadhi ya watu wakielekezwa kwenye tovuti ya kampuni binafsi badala ya ile ya serikali. Pengo kati ya vyama likazibika. Kilichobadilika kilikuwa mlango tu.

Katika jimbo la Kentucky, ambalo lina wapiga kura wengi wa mrengo wa kulia, gavana wa chama cha Democratic, Steve Beshear, aliufungua mpango huohuo mwaka 2013 kwa jina la Kynect. Kura ya maoni iliyofanywa Mei 2014 ilikuta asilimia 57 ya wapiga kura walioandikishwa hawaipendi Obamacare, lakini waliosema hawaipendi Kynect walikuwa asilimia 22. Vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja.

Tusidhani kuwa ugonjwa huu ni wa mrengo wa kulia peke yake. Ujerumani ilipopitisha bima ya lazima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, Kansela Otto von Bismarck alikuwa tayari amewapiga marufuku wasoshalisti kwa sheria ya mwaka 1878, na alikusudia bima hiyo iwavute wafanyakazi waachane nao. Wabunge wa Social Democratic, chama cha wasoshalisti hao, waliipinga, na wafanyakazi wengi wa upande wao wakachagua mifuko huru ya kusaidiana, iliyotambuliwa na sheria, kuliko kuingia katika mifuko iliyoundwa na dola iliyokuwa ikiwafunga viongozi wao. Kwa miaka iliyofuata hali iligeuka, na sababu moja ya kugeuka ndiyo inayotufaa hapa: katika mifuko ya mitaa wafanyakazi walilipa theluthi mbili za michango na wakapata theluthi mbili za viti katika uendeshaji wake. Walipoona kuwa wanaweza kuushika usukani, mfuko ukaacha kuwa wa Bismarck. Somo hilo ni la zamani, na bado watunga sera wengi wanalipita bila kulitazama.

Ondoa bendera kabla ya kufungua mdomo

Kabla ya kwenda kuonana na mtu, pitia vitu utakavyobeba. Tazama fomu, kipeperushi, fulana uliyovaa, kalamu uliyopewa kwenye semina, gari litakalokushusha. Je, kuna picha ya kiongozi? Kuna rangi ya chama? Kuna kaulimbiu iliyotumika katika kampeni? Kila kimoja kati ya hivyo kinamwambia mtu wa upande wa pili kwamba chakula hiki kimekwisha kutiwa chumvi na mtu asiyemwamini. Nenda na karatasi nyeupe yenye jina la mpango, vigezo, kiasi cha mafao na namba ya kupiga. Ukiweza kuchagua mahali, chagua pale ambapo watu wa kila upande wanaingia kwa shughuli nyingine, kama zahanati, shule, benki au posta.

Mahali pa kupokelea pana nguvu kuliko tunavyodhani. Uingereza, chini ya mfumo uliorekebishwa mwaka 1834, maskini aliyepokea msaada wa sheria ya maskini alihesabiwa kuwa amepoteza heshima ya uraia, na mpaka mwaka 1918 kupokea msaada huo kuliweza kumwondolea mwanamume haki ya kupiga kura. Wazee walivumilia mengi ili wasihusishwe nao. Pensheni ya uzeeni ilipoanza kulipwa tarehe 1 Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki kwa mtu mwenye miaka 70 na zaidi asiye na kipato cha kutosha, ilitolewa katika ofisi za posta. Fedha zilikuwa za serikali ileile, na bado palikuwa na kigezo cha kipato, lakini mzee aliingia mahali pale pale ambapo wengine walikwenda kununua stempu, akatoka akiwa na fedha na jina lake safi.

Angalia pia kalenda. Miezi michache kabla ya uchaguzi, kila kinachotolewa kinanukia kampeni, na hata mtu asiye na ushabiki huanza kuuliza kwa nini amekumbukwa leo. Kama tarehe ziko mikononi mwako, andikisha watu mapema. Kama haziko, sema wazi kwamba mpango ulikuwapo kabla ya kampeni na utakuwapo baada yake, iwapo hilo ni kweli.

Chagua neno, kisha chagua msemaji

Nchini Marekani, tangu miaka ya 1980, watafiti wa maoni ya umma wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna mbili. Walipouliza kama serikali inatumia fedha kidogo mno kwa kile kinachoitwa kwa lugha yao "welfare", yaani mafao ya ustawi wa jamii, kama robo tu ya waliohojiwa walikubali. Walipouliza juu ya msaada kwa maskini, karibu theluthi mbili walikubali. Neno la kwanza lilikuwa limebeba miaka mingi ya mabishano ya kisiasa na ya rangi. La pili lilimtaja mtu. Kila lugha ina maneno yake yaliyochoka namna hiyo. Baadhi ya watu husikia "ruzuku" wakaona mzigo kwa mlipa kodi, husikia "msaada" wakaona mkono ulionyooshwa. Wengine husikia "haki" wakaona mwanaharakati wa upande wasioupenda, na kwa hiyo neno ambalo wewe unaliona tukufu linaweza kuwa ndilo linalofunga mlango.

Ushauri wangu ni kutumia jina halisi la kinacholipwa: pensheni, bima, marejesho ya kodi, ada ya shule, posho ya mtoto. Marekani ina unafuu wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, ulioanza mwaka 1975, ambao huombwa kwa fomu ileile ya kodi na kulipwa kama marejesho; fedha zake ni za ustawi wa jamii kwa kila hesabu, lakini anayezipokea huziona kuwa jasho lake limemrudia. Jimbo la Alaska, lenye siasa za kihafidhina, limekuwa likimlipa karibu kila mkazi fedha za mfuko wa mafuta kila mwaka tangu 1982, zikianza na dola 1,000, na huko huitwa gawio. Hakuna anayejiona ombaomba kwa kupokea gawio.

Kuhusu msemaji, nitakuwa mfupi kwa sababu jambo lenyewe ni wazi: tafuta mtu wa upande wake ambaye tayari amejiandikisha na hajabadili msimamo. Dakika tano za mtu huyo zina thamani kuliko semina zako tatu. Usimpe hotuba ya kukariri. Mwache aeleze kwa maneno yake alivyolipwa na kwamba hakuna aliyemjia kumdai shukrani.

Mazungumzo yenyewe

Tuchukue mfano. Fundi mstaafu, miaka sabini na ushei, amekaa mezani. Mbele yake kuna fomu ya bima ya afya. Ofisa ni msichana wa rika la wajukuu zake. Mzee ameigeuza karatasi, ameona nembo pembeni, ameisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza.

"Binti," anasema, "hawa nimewapinga tangu hujazaliwa. Leo ndiyo nikawanyooshee mkono?"

Jibu linalokuja haraka ni kumwambia kuwa serikali inawajali wananchi wote bila ubaguzi. Jibu hilo linamwomba aisifu serikali kabla ya kupata bima, na atakapokataa kuisifu atakataa na bima. Ofisa aliyefundishwa vizuri angesema: "Sijaja kukuomba uwapende, mzee wangu. Naomba tuhesabu jambo moja tu. Ulikatwa kodi miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na katika miaka hiyo, waliotawala walikuwa hawa peke yao?"

Mzee anafikiri. "Hapana. Hata wa kwetu walitawala, na wao walikata vilevile."

"Basi fungu hili lina kodi ya awamu zote, na ya kwako imo."

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe swali lililokuwa likimkaa moyoni ndilo linakuja sasa, kwa sauti ya chini: "Nikisaini, jina langu litasomwa kwenye mikutano yao?"

Nimeliweka swali hili katika mfano kwa makusudi. Mtu mwenye msimamo haogopi kupokea tu, anaogopa masimango, siku ambayo mtu atasimama jukwaani na kusema, "Hata wapinzani wetu wanakula kwetu." Ofisa anapaswa kulijua jibu kabla hajatoka ofisini: nani anaiona orodha, inabandikwa wapi, picha za wanufaika zinapigwa kwa ajili gani, na kama mtu anaweza kukataa kupigwa picha bila kupoteza mafao yake. Kama orodha inabandikwa hadharani, mwambie ukweli huo. Kama ni siri, mweleze ni siri kwa kanuni ipi. Na kama hujui, sema kwamba utauliza, kisha rudi na jibu.

Hoja ya kodi itumike pale tu inapokuwa ya kweli. Mtu ambaye hajawahi kuwa na ajira rasmi anaweza kukumbushwa kodi iliyo ndani ya bei za bidhaa anazonunua kila siku, lakini usimwambie kuwa amechangia mfuko ambao hakuuchangia. Rais Franklin Roosevelt na washauri wake walipoanzisha pensheni ya taifa nchini Marekani mwaka 1935 waliweka makato ya mshahara kwa kukusudia, ili mpokeaji aone kuwa anachukua chake. Nguvu ya hoja hiyo inatokana na kwamba makato yalikuwapo kweli.

Mipaka ambayo hupaswi kuivuka

Kuondoa bendera ni halali; kumficha mtu chanzo cha fedha anapokuuliza ni udanganyifu, na ukigunduliwa utakuwa umethibitisha kila alichokishuku. Akiuliza kama hii ndiyo ile sheria aliyoipinga, jibu ni ndiyo. Kisha mwambie kwamba kuipinga sheria bungeni au kwenye kura na kuitumia ikiwa tayari inatekelezwa ni mambo mawili, kama vile mtu aliyepinga barabara kupitishwa mahali fulani asivyokatazwa kuipita ikishajengwa.

Usiingie katika mjadala wa sera. Ukishinda mjadala umempoteza mtu.

Usimuumbue pia kwa mafao anayoyapata bila kuyaita mafao, ingawa jambo lenyewe ni la kweli na limepimwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2008, Suzanne Mettler aliwauliza Wamarekani kama wamewahi kutumia mpango wowote wa serikali wa ustawi, kisha akawaorodheshea mipango yenyewe. Miongoni mwa waliowahi kufaidika na nafuu ya kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba, asilimia 60 walikuwa wamesema hawajawahi kutumia mpango wowote. Miongoni mwa wapokeaji wa pensheni ya taifa walikuwa asilimia 44. Takwimu hizo zinakufaa wewe mwandaaji, kwa sababu zinakuonyesha kuwa watu hupokea kwa amani pale ambapo kupokea hakuwabadilishii jina. Ukizirusha usoni mwa mtu kama ushahidi wa unafiki wake, atatafuta namna ya kujitakasa, na ya karibu zaidi ni kuikataa fomu iliyo mbele yake.

Na uijue bei ya kuficha bendera kupita kiasi. Kule Kentucky jina lisilo na chama liliwaingiza watu katika bima, lakini mwaka 2015 wapiga kura walimchagua Matt Bevin, aliyekuwa ameahidi kuufunga mlango wa Kynect, naye akaufunga. Ulikuja kufunguliwa tena mwaka 2021 chini ya gavana mwingine. Mpango ambao wanufaika wake hawajui ulikotoka hukosa watetezi. Sioni njia ya kulikwepa jambo hili zaidi ya kutenganisha nyakati: mlangoni, mwache mtu aingie bila kiapo; baada ya kulipwa, mpe risiti na maelezo kamili ya sheria na bajeti iliyomlipa, kwa lugha isiyomsifu kiongozi yeyote.

Kama una sauti katika kuupanga mpango

Ofisa wa mlangoni hurekebisha kwa maneno kile kilichoharibiwa na mpango wenyewe, na kwa hiyo afadhali mpango uwe mzuri tangu mwanzo. Kinachosaidia kuliko vyote ni kumwondolea mtu tendo la kuomba. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, serikali ya Marekani ilituma fedha kwa mamilioni ya watu kwa kutumia kumbukumbu za kodi zilizokuwapo, na hundi za karatasi zilichapishwa jina la Rais Donald Trump. Jina hilo lilikuwa bendera kubwa kabisa, lakini kwa kuwa fedha zilikuja zenyewe, asiyezitaka ndiye aliyelazimika kujisumbua ili azirudishe. Mahali ambapo kuomba hakukwepeki, lipa kwa njia ambayo watu wote wanaitumia: kufikia mwaka 2004 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yameachana na vocha za karatasi za chakula na kutumia kadi inayofanana na ya benki, na mwaka 2008 mpango wenyewe ukabadilishwa jina. Na uwape wanufaika viti katika kamati ya usimamizi, wa kila upande wa siasa, wenye kura na siyo wasikilizaji.

Akiendelea kukataa

Wapo watakaokataa baada ya yote haya, na mtu mzima mwenye akili timamu ana mamlaka hayo. Hakikisha tu kwamba anakataa kwa niaba yake mwenyewe: mafao ya mtoto, au ya mwenzi mwenye maoni tofauti, yashughulikiwe kwa fomu yake na kwa mazungumzo yake. Usiandike "hakufika" wala "hana sifa". Andika kuwa ameelezwa, ameelewa na ameahirisha, pamoja na tarehe, kwa sababu maneno hayo yanamlinda asifutwe katika orodha na yanamwonyesha ofisa atakayekufuata pa kuanzia. Mwachie karatasi nyeupe yenye namba ya simu. Rudi baada ya uchaguzi, au baada ya ugonjwa, na ukirudi usimkumbushe alichosema mara ya kwanza.